Ndege Inapokwenda Mwendo wa Kaa

Siku ya upepo wa matlai, ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa Cessna Caravan, omba kiti cha mbele, kando ya rubani. Ndege hizi mara nyingi huendeshwa na mtu mmoja, na kiti cha pili hupewa abiria aliyewahi kufika au aliyejua kuomba. Dakika kama ishirini baadaye mtakuwa mnateremka kutokea kusini kuelekea uwanja wa Abeid Amani Karume, nawe utaona jambo la kukufanya umtazame rubani mara mbili. Njia ya kurukia haiko mbele yenu. Iko kushoto, upande wake, na pua ya ndege imegeukia mashariki kidogo, kwenye minazi. Ndege inaangalia kwingine na kwenda kwingine, sawasawa na kaa anayekimbilia shimo lake ufukweni.

Rubani hakukosea. Njia ya Unguja imelazwa kaskazini na kusini, na kwa hiyo ncha zake zimepewa namba 36 na 18, yaani nyuzi 360 na nyuzi 180 za dira, sifuri moja ikiwa imekatwa. Kwa kusi na kaskazi, pepo mbili zinazotawala mwaka mzima wa pwani yetu, huo ni mlalo mzuri: ndege hukutana na upepo usoni au karibu na usoni. Lakini matlai hutoka mashariki, na mashariki hapo ni ubavuni. Caravan inayoingia kwa noti 80, upepo wa noti 15 ukiipiga ubavuni, inabidi igeuze pua yake nyuzi 11 hivi kuelekea upepo ili ibaki kwenye mstari. (Noti hizi si za benki. Ni kipimo cha mabaharia walichokirithi marubani, na moja ni kilomita 1.85 kwa saa.)

Mpaka hapo hakuna hatari yoyote. Mvuvi anayevuka Pangani kwa mtumbwi haelekezi omo kwenye gati anakokwenda. Huielekeza juu zaidi, kule maji yanakotoka, na mkondo unamfikisha. Ndege iliyo hewani iko hivyohivyo. Imezama ndani ya upepo kama mtumbwi ulivyo ndani ya mto, na upepo ukiwa wa kutulia, mabawa hayana habari kama unatoka ubavuni au usoni. Anayejua ni yule anayetazama ardhi.

Shida huanza pale ardhi inapoacha kuwa kitu cha kutazama ikawa kitu cha kugusa.

Huko Marekani, chama cha wamiliki na marubani wa ndege kinachojulikana kwa kifupi kama AOPA hutoa ripoti ya ajali za ndege ndogo iliyojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Nall. Kwa miaka mingi ripoti hiyo imekuwa ikionyesha picha ileile: hakuna sehemu ya safari inayoleta ajali nyingi kama kutua, karibu theluthi ya ajali zote zinazohesabiwa kuwa za rubani, na bado ajali za kutua huua watu wachache sana. Bawa limekwaruza lami, mguu wa gurudumu umepinda, panga la injini limechimba majani, na watu wametoka wenyewe kwa miguu wakipangusa vumbi. Ndiyo maana ajali hizi hazifiki magazetini. Lakini ndizo zinazojaza gereji za mafundi wa ndege, na upepo wa ubavuni ni mmoja wa wageni wa kudumu katika maelezo ya ajali hizo.

Kinachonishangaza mimi ni mahali zinapotokea. Mtu angedhani ni hewani, mita chache juu ya lami, ndege ikiyumba huku na huku. La. Nyingi hutokea baada ya magurudumu kugusa chini, wakati abiria ameshavuta pumzi na anatafuta simu yake mfukoni.

Tuanze na kugusa kwenyewe. Gurudumu halijui mwendo wa kaa. Linakwenda mbele au nyuma, basi. Kwa hiyo pua iliyokuwa imegeukia upepo lazima inyooshwe kabla ya lami, na kuna njia mbili za kufanya hivyo. Rubani wa kwanza huacha mpaka dakika ya mwisho, kisha anakanyaga pedali ya usukani wa mkiani, pua inanyooka, na magurudumu yanagusa kabla upepo haujapata nafasi ya kuisukuma ndege nje ya mstari. Rubani wa pili huanza mapema. Hapa niazime maneno mawili ya mabaharia wetu ambayo sijui kwa nini hayajapanda kwenye ndege: joshi, upande unaoupokea upepo, na demani, upande wa pili. Rubani huyu hulaza bawa la joshini na kukanyaga pedali ya upande wa demani. Pua inabaki imenyooka na njia, ilhali ndege nzima inateleza kuelekea upepo kwa kiasi kilekile upepo unachoisukuma. Inagusa kwa gurudumu moja la joshini, halafu la demani, mwisho la pua. Abiria asiyejua hushika kiti akidhani mambo yameharibika. Vijana wa ngalawa wanaokimbilia kukalia upande wa joshini upepo unapopamba moto hawangeshangaa hata kidogo.

Sasa ndege iko chini, na hapa ndipo fizikia inapokuwa tamu.

Chukua Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000 tangu miaka ya 1950. Imegusa lami kwa noti 50 na upepo wa noti 15 unaipiga ubavuni. Nguvu ya usukani wa mkiani inatokana na hewa inayoupita, na nguvu hiyo hufuata mraba wa mwendo. Ndege ikipungua hadi noti 35, usukani umebaki na nusu ya nguvu zake. Ikifika 25, imebaki robo. Nguvu ya upepo ya kuigeuza ndege nayo inapungua, lakini haipungui haraka kiasi hicho, kwa sababu matlai hayajapunguza mwendo kwa heshima ya mtu aliyekanyaga breki. Tena kila ndege inapopunguza mwendo, upepo unazidi kuonekana kutoka ubavuni: kwa noti 50 hewa inaijia ndege kwa pembe ya nyuzi 17 hivi kutoka usoni, kwa 25 ni nyuzi 31, na kwa 15 ni nyuzi 45 kamili.

Upepo huo unafanya nini? Unausukuma mkia. Bapa lililosimama mkiani ni kubwa na liko mbali na magurudumu, kwa hiyo linapelekwa demani kama kitambaa mlingotini. Bendera hufuata upepo, wahenga walimaliza. Ila bendera ya ndege iko nyuma, na mkia ukifuata upepo pua inaukabili. Ndege inataka kuacha njia na kuingia kwenye majani ya joshini.

Basi si rubani aielekeze kwa magurudumu, kama gari? Ndiyo, lakini tairi hushika lami kwa kadiri ya uzito ulio juu yake, na uzito huo bado haujashuka. Cessna 172 iliyojaa ina zaidi ya kilo 1,100, lakini wakati wa kugusa mabawa bado yanabeba karibu zote. Tairi zinaipapasa lami tu. Pua ikishushwa na mwendo ukipungua uzito unahamia kwenye magurudumu kidogokidogo, na katikati ya uhamisho huo kuna sekunde kadhaa ambazo usukani wa hewani umeshachoka na tairi hazijashika. Ndege wakati huo ni kama popo. Si ndege tena, na si gari bado.

Marubani wengi hushikwa hapo. Akili imeshasema "tumefika", mkono umelegea, na zile eleroni, vibawa vidogo vya kingo za nyuma za mabawa vinavyoinamisha ndege, zimerudi katikati. Upepo unaingia chini ya bawa la joshini na kulinyanyua. Gurudumu la upande huo linapoteza hata ule mshiko mdogo liliokuwa nao. Ndege inageuka, rubani anashtuka na kukanyaga breki ya upande mmoja, na ncha ya bawa la demani inachora mstari kwenye lami. Dawa yake inafundishwa tangu juma la kwanza la mafunzo na husahaulika kila siku: kadiri mwendo unavyopungua, usukani wa mkononi uzidi kugeuzwa upande wa joshi, mpaka ndege inapokaribia kusimama uwe umegeuzwa hadi mwisho. Vidhibiti vinapozidi kuchoka, vinahitaji kutumiwa zaidi. Akili ya mtu aliyefika salama inataka kinyume chake.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa pili. Kwa hofu wanaikandamiza pua chini mapema, mwendo ungali mkubwa. Magurudumu makuu yananyanyuka, na lile dogo la mbele linabaki limebeba mzigo peke yake kama wilbaro ya fundi mwashi. Kila aliyesukuma wilbaro ya zege anajua inavyopenda kulala ubavu.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu ndege karibu zote zilikuwa na gurudumu la tatu mkiani. Mfikirie dereva wa lori lenye tela. Akienda mbele, tela linanyooka lenyewe. Akirudi nyuma, kosa dogo linazaa kubwa, na asipowahi, tela na lori vinakunjana. Ndege yenye gurudumu la mkiani inapokimbia ardhini ni tela linalorudi nyuma: uzito wake uko nyuma ya magurudumu makuu, na ikianza kugeuka, uzito huo unasukuma kuikamilisha safari. Inazunguka kama pia, na bawa au mguu unavunjika. Ukihamishia gurudumu la tatu puani, uzito unakuja mbele ya magurudumu makuu, na tela linaenda mbele. Ikigusa chini ikiwa imepinda kidogo, uzito wenyewe unaivuta inyooke.

Mhandisi wa Kimarekani Fred Weick aliliona hilo mapema kuliko wengi. Katika miaka ya 1930 alibuni ndege ndogo ya Ercoupe, iliyoruka mara ya kwanza 1937, ambayo haikuwa na pedali za usukani hata kidogo. Usukani mmoja wa mkononi, kama wa gari, uliendesha eleroni, mkia na gurudumu la pua kwa pamoja. Bila pedali, rubani hawezi kuinyoosha pua kabla ya kugusa wala kulaza bawa na kuteleza. Weick alijibu kwa kutohitaji yote mawili. Ercoupe ilitua katika mwendo wa kaa vilevile ilivyo, tairi zikalia, ikajinyoosha yenyewe kama tela. Miguu yake ilitengenezwa kuvumilia hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia iliuzwa hata katika duka kubwa la Macy's, mahali watu waliponunua viatu na sufuria, na zaidi ya 5,000 zilitengenezwa. Binafsi naiona kuwa jibu la busara kuliko yote yaliyotolewa kwa upepo wa ubavuni, na nasikitika kwamba marubani wa zamani waliidharau kwa sababu haikuwapa miguu yao kazi. Lakini wazo lake la gurudumu la pua ndilo lililoshinda. Cessna ilipoitoa 172, ndugu wa Cessna 170 ya gurudumu la mkiani, aliyehamishiwa gurudumu la tatu puani, iliipa miguu hiyo jina la kibiashara la Land-O-Matic, kana kwamba ndege ingejitua yenyewe. Haijitui.

Wengine walijaribu kuyafanya magurudumu yenyewe yaende mwendo wa kaa. Kampuni ya Goodyear ilitengeneza magurudumu ya kupinda, yaliyofungwa kwenye baadhi ya Cessna 195, ili ndege ikimbie imepinda na magurudumu yaelekee sawa. Kwa ndege ndogo hayakudumu. Ukitaka kuona wazo hilo likifanya kazi leo, tazama B-52, ndege ya mabomu ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza 1952: miguu yake inaweza kuzungushwa hadi nyuzi 20, na hutua pua ikitazama pembeni bila aibu.

Lakini kuna swali ambalo halitajwi sana. Upepo ni wa zamani. Upepo wa ubavuni umetoka wapi?

Jibu liko ndani ya Kiswahili. Tunasema "uwanja wa ndege", na mwanzoni ulikuwa uwanja kweli: eneo pana la majani, bila mstari wowote. Croydon, uwanja mkuu wa London kati ya vita viwili, ulikuwa wa majani. Rubani aliutazama mfuko wa upepo, akaukabili, akatua kuelekea upande wowote. Hakuwa na ubavu wa kupigwa. Ndege zilipokuwa nzito, majani hayakuzibeba tena, ikaja lami na zege, na zege ni ghali, kwa hiyo ikalazwa kwa mistari. Mstari una pande mbili tu, upepo una pande zote. Waingereza wakati wa vita walipunguza makali kwa kujenga njia tatu zilizokatana pembetatu. Wilson ya Nairobi, inayobeba jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, ina njia mbili zenye mielekeo tofauti, 07/25 na 14/32. Dar es Salaam nayo ina mbili. Viwanja vingi vidogo vya mbugani na visiwani vina moja, na rubani wake hana pa kuchagua.

Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unataka njia za uwanja zilazwe ili ndege zinazohudumiwa ziweze kuzitumia angalau asilimia 95 ya wakati bila kuzidiwa na upepo wa ubavuni. Kwa ndege zinazohitaji njia fupi, chini ya mita 1,200, kiasi kinachohesabiwa ni noti 10. Asilimia 5 iliyobaki si ndogo. Ni siku 18 kwa mwaka.

Rubani hujuaje kiasi cha upepo kinachompiga ubavuni? Mnara humwambia upepo unatoka wapi na kwa noti ngapi, naye hutumia saa ya mkononi. Pembe kati ya upepo na njia ikiwa nyuzi 15, chukua robo ya upepo; ikiwa 30, nusu; ikiwa 45, robo tatu; kuanzia 60, chukua wote. Ni dakika na sehemu ya mzunguko wa saa, na hapa hakuna ugomvi wa saa za Kiswahili na za Kizungu, kwa kuwa tunatazama mshale mrefu tu. Wanahesabu hutumia saini ya pembe, na saa haikosei kwa mengi.

Kisha anafungua kitabu cha ndege, na humo kuna namba inayosomwa vibaya kuliko zote. Cessna 172: noti 15. Caravan: noti 20. Wengi huichukulia kuwa ni mpaka wa ndege. Sivyo. Kanuni za Marekani zilizotumika kuzithibitisha ndege ndogo kama 172 zilidai tu kwamba ndege ionyeshe kumudu upepo wa ubavuni usiopungua moja ya tano ya mwendo wake wa chini kabisa wa kubaki hewani, flapu (vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa zimeshushwa. Kwa 172 hiyo ni kama noti 10. Namba ya kitabuni ni upepo mkubwa ambao rubani wa majaribio wa kiwanda aliutumia kuonyesha, basi. Huyo ni mtu ambaye kutua katika upepo ndiyo kazi yake. Namba haisemi ndege itashindwa kwa 16, na haisemi wewe utaweza kwa 12.

Utata huo haukuwahadaa wanafunzi tu. Tarehe 1 Machi 2008, Airbus A320 ya Lufthansa ilikuwa inatua Hamburg katika dhoruba ya Emma. Rubani aliinyoosha pua, upepo ukanyanyua bawa la joshini, na ncha ya bawa la kushoto ikakwaruza njia. Wakaongeza nguvu, wakapaa, wakazunguka, wakatua kwenye njia nyingine, hakuna aliyeumia. Wachunguzi wa Kijerumani walibaini, pamoja na mengine, kwamba maana ya ule upepo "ulioonyeshwa" haikueleweka kwa namna moja miongoni mwa marubani. Hiyo si ndege ndogo, lakini upepo hausomi jina lililoandikwa ubavuni.

Ipo namba nyingine ambayo huhitaji kitabu kuiona. Mfuko wa upepo unaosimamishwa kwenye viwanja vya Marekani, ule wa kitambaa wenye umbo la soksi, hutengenezwa unyooke kabisa upepo ukifika noti 15. Ukiuona umenyooka kama mkono wa askari wa barabarani, na umeikata njia msalaba, Cessna 172 imefika pale rubani wa kiwanda alipoishia. Na unaposikia redioni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitahadharisha juu ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, wavuvi wanavuta ngalawa juu. Kilomita 40 kwa saa ni noti 21 na ushee. Ukitoka ubavuni, hata ile 20 ya Caravan imepitwa.

Siku kama hiyo rubani anaweza kufika karibu kabisa na lami, akaongeza nguvu ghafla na kupaa tena. Chai imemwagika, mtoto analia, mtu nyuma anauliza kama huyu kijana amesoma. Usimnung'unikie. Kughairi kutua ndiyo silaha bora aliyonayo dhidi ya upepo wa ubavuni, na manung'uniko ya abiria ni moja ya sababu zinazomfanya asiitumie.

Na ukibahatika kupata kile kiti cha mbele siku ya matlai, usianze kutafuta simu mkigusa chini. Tazama mkono wake. Rubani mwenye kazi yake ataendelea kuushikilia usukani akiwa ameugeuzia mashariki mpaka mwisho wa njia, na hata mnapotambaa taratibu kuelekea jengo la abiria, mfuko wa upepo ukiwa umenyooka nje ya dirisha, bado utakuwa umegeukia joshi.